Upanga, Mkate na Dia: Maisha ya Waanglo-Saksoni

Msomaji, jina la Uingereza si geni masikioni mwako. Walakini si wengi wajuao ya kuwa jina hilo, hata katika umbo lake la Kiswahili, asili yake ni jina la kabila moja la kale, yaani Waangli. Watu hao hawakuwa wenyeji wa kisiwa cha Britania. Kwao kulikuwa ng'ambo ya bahari, katika nchi ambazo siku hizi ni sehemu za kaskazini mwa Ujerumani na Denmark. Dola ya Rumi ilipoacha kuitawala Britania, karibu na mwaka 410, Waangli walivuka bahari pamoja na jirani zao, Wasaksoni na Wajuti, na katika muda wa miaka mia mbili hivi wakajipatia sehemu kubwa ya nchi. Walianzisha falme nyingi ndogo ndogo: Kent, Wessex, Mercia, Northumbria, Anglia ya Mashariki na nyinginezo. Wanahistoria huwaita wote kwa jina moja, Waanglo-Saksoni, na zama zao zilidumu hata mwaka 1066, Wanormani walipoishinda nchi.

Watu hawa wamesifiwa sana kwa ushujaa wao. Ukisoma habari zao utaona vita juu ya vita, na huenda ukadhani ya kuwa upanga ndio uliokuwa nguzo ya jamii yao. Lakini, msomaji, hakuna jamii iwezayo kukaa juu ya ncha ya upanga. Lazima pawepo kitu kiwafungacho watu pamoja, na kitu kiwazuiacho wasimalizane. Kwa Waanglo-Saksoni vitu hivyo vilikuwa viwili: kiapo, kilichomfunga shujaa kwa bwana wake, na dia, iliyosimamisha kisasi. Na tuvitazame vyote viwili, kisha tuulize ni nani aliyebeba gharama yake.

Tuanze na bwana. Katika lugha ya Waanglo-Saksoni neno lililotumiwa kwa maana ya bwana lilikuwa na asili yake katika maneno mawili, mlinzi na mkate. Bwana alikuwa mlinzi wa mkate, na mtumishi wake aliitwa mla mkate. Neno lililotumiwa kwa bibi wa nyumba lilitokana na kazi ya kukanda unga. Twaona basi ya kuwa ubwana wenyewe ulianza mezani. Mkuu wa watu alikuwa na ukumbi mrefu wa mbao, na moto ukiwaka katikati. Humo, jioni, mashujaa waliketi juu ya viti virefu, wakala, wakanywa pombe ya asali, wakasikiliza malenga akiimba kwa kinubi habari za mababu. Humo ndimo bwana alimogawa pete za dhahabu, panga, farasi na deraya. Naye aliyepokea kipawa mbele ya watu alijifunga, maana kipawa kilikuwa deni, na deni hilo lililipwa siku ya vita.

Ukitaka kujua utajiri uliokuwamo katika kumbi hizo, fikiri habari za Sutton Hoo, mahali palipo katika jimbo la Suffolk, mashariki mwa Uingereza. Mwaka 1939 palifukuliwa hapo kaburi la mtu mkuu aliyezikwa ndani ya jahazi lenye urefu wa meta 27 hivi. Pamoja naye palikuwa na kofia ya chuma yenye uso, upanga wenye mpini wa dhahabu, ngao, kinubi, sarafu za dhahabu, na vyombo vya fedha vilivyotoka katika Dola ya Rumi ya Mashariki. Wengi huamini ya kuwa ni kaburi la Raedwald, mfalme wa Anglia ya Mashariki, aliyefariki karibu na mwaka 625.

Kiapo cha mfuasi kwa bwana wake kilikuwa kizito. Tacitus, mwandishi Mrumi, aliandika katika mwaka 98 habari za makabila ya Wajerumani, ambayo ndiyo chimbuko la Waanglo-Saksoni. Alieleza ya kuwa ilikuwa fedheha kwa kiongozi kupitwa na wafuasi wake kwa ushujaa, na ilikuwa aibu ya maisha kwa mfuasi kurudi hai kutoka katika vita alimouawa kiongozi wake. Miaka zaidi ya mia tano baadaye mambo yalikuwa bado hivyo. Mwaka 626 mfalme wa Wasaksoni wa Magharibi alimtuma mtu aitwaye Eomer kwenda kumwua Edwin, mfalme wa Northumbria. Eomer alijifanya mjumbe, akaingia mbele ya mfalme, kisha ghafula akachomoa jambia lililotiwa sumu. Mfuasi mmoja, jina lake Lilla, alikuwa karibu, naye hakuwa na ngao mkononi. Akajitupa katikati. Pigo lilipita mwilini mwake, likamjeruhi mfalme. Lakini mfalme alipona, na Lilla alikufa. Habari hizi tumeachiwa na Bede, mtawa wa Jarrow katika Northumbria, aliyeimaliza historia yake kubwa mwaka 731.

Hapana shaka utamsifu Lilla. Lakini yafaa pia tuulize: dhahabu ya kuwapa akina Lilla ilitoka wapi? Bwana asiyegawa aliachwa, na bwana agawaye sharti apate. Ilimpasa basi kuwanyang'anya jirani zake ng'ombe, fedha, ardhi na watu. Vita vilizaa vipawa, na vipawa vikazaa vita vingine. Tazama wafalme wa Northumbria katika karne moja tu: Aethelfrith aliuawa vitani mwaka 616, Edwin mwaka 633, Oswald mwaka 642, na Ecgfrith mwaka 685. Oswiu, aliyefariki kwa maradhi mwaka 670, alikuwa mwenye bahati miongoni mwao. Bede mwenyewe, katika barua aliyomwandikia askofu wake mwaka 734, alilalamika ya kuwa ardhi ya kuwapa vijana wa vita ilikuwa imekwisha kugawiwa, na kwa hiyo vijana hao waliihama nchi iliyopasa kulindwa nao. Kiapo kilikuwa kitu cha moyo, lakini kililishwa kwa mali.

Hayo ndiyo ya kiapo. Sasa tuje kwa dia. Katika nchi isiyokuwa na polisi wala jela kama tuzijuavyo, usalama wa mtu ulikuwa jamaa zake. Akiuawa, ndugu zake waliwajibika kumlipia kisasi. Kisasi nacho huzaa kisasi, na damu haiishi kudai damu. Kwa sababu hiyo kila mtu huru aliwekewa thamani, na mwuaji, pamoja na jamaa zake, aliweza kuilipa thamani hiyo kwa jamaa wa aliyeuawa. Wakiisha kuipokea, ugomvi hukoma. Malipo ya namna hii wasemaji wa Kiswahili huyaita dia.

Sheria za kwanza zilizoandikwa kwa lugha ya Kiingereza ni zile za Aethelberht, mfalme wa Kent, karibu na mwaka 600, na sehemu kubwa yake ni orodha ya malipo. Jicho likitolewa, shilingi 50. Mguu ukikatwa, shilingi 50. Kidole gumba, shilingi 20. Ukucha wa kidole hicho, shilingi 3. Usicheke, msomaji. Kila shilingi katika orodha hiyo ilikuwa badala ya pigo la upanga. Mtu aliyeng'olewa jino alikuwa na jambo la kudai mbele ya watu, wala hakulazimika kwenda usiku kuchoma nyumba ya adui yake.

Lakini orodha hiyo hiyo yatuonyesha jambo la pili, nalo ni kwamba watu hawakuwa sawa. Katika Wessex dia ya mwungwana wa vita ilikuwa shilingi 1,200, na dia ya mkulima huru ilikuwa shilingi 200. Kadiri ya thamani hiyo twaweza kuijua kwa sheria za Ine, mfalme wa Wessex aliyeanza kutawala mwaka 688, ambazo zilihesabu kondoo jike pamoja na mwanawe kuwa shilingi moja. Yaani roho ya mwungwana mmoja ililingana na roho za wakulima sita. Hata kiapo mahakamani kilipimwa kwa cheo cha mwapaji. Na chini ya wakulima huru walikuwako watumwa, ambao hawakuwa na dia ya namna hiyo kabisa. Mtumwa akiuawa, aliyelipwa alikuwa bwana wake, kama vile mtu alipwavyo kwa maksai wake aliyekufa.

Pana vita moja ambamo mambo haya yote yalikutana. Mwaka 679 Ecgfrith wa Northumbria na Aethelred wa Mercia walipigana karibu na mto Trent. Katika vita hivyo aliuawa Aelfwine, nduguye Ecgfrith, kijana wa miaka 18 hivi, aliyependwa katika falme zote mbili, kwa kuwa dada yake alikuwa ameolewa na Aethelred. Miongoni mwa waliojeruhiwa alikuwamo mfuasi wa mfalme wa Northumbria, jina lake Imma. Alilala kana kwamba amekufa siku nzima na usiku wake kati ya maiti, kisha akajiinua, akakamatwa na watu wa adui. Alipoulizwa yeye ni nani, aliogopa kusema ya kuwa ni askari. Alijibu ya kuwa ni mkulima maskini, mwenye mke, naye alikuja pamoja na wenziwe kuwaletea askari chakula. Kwa jibu hilo aliachwa hai, akauguzwa.

Uongo wake haukudumu. Waliomtunza waliuangalia uso wake, mwendo wake, na namna yake ya kusema, wakafahamu ya kuwa huyu si mkulima bali ni mwungwana. Bwana aliyemshika akamwahidi ya kuwa hatamdhuru akisema kweli, na Imma akakiri. Ndipo bwana yule akamwambia ya kuwa alistahili kufa, kwa maana ndugu zake na jamaa zake wote waliuawa katika vita ile; lakini hatamwua, asije akavunja ahadi yake. Badala ya kumwua alimwuza London kwa mfanya biashara Mfrisia, mtu wa pwani ya ng'ambo. Mwisho wake Imma alipata fedha za kujikomboa kutoka kwa mfalme wa Kent, akarudi kwao.

Litafakari jambo hili. Imma alijua ya kuwa mkulima hakudaiwa kisasi, na mwungwana alidaiwa. Heshima yake ya nyumbani ilikuwa hatari yake vitani. Nao uungwana wake, uliokuwa umekaa katika mwendo na usemi, hakuweza kuuvua kama nguo. Bwana wa Mercia naye alikuwa kati ya mambo mawili: damu ya ndugu zake ilimwambia aue, na neno lake lilimkataza. Alilishika neno lake, lakini hakuona haya kumwuza mtu.

Na kifo cha kijana Aelfwine je? Watu wote walitazamia vita vikali zaidi, kwa kuwa mfalme hakuweza kumwacha nduguye bila kulipiwa. Ndipo Theodore, Askofu Mkuu wa Canterbury, mzee aliyezaliwa Tarso upande wa mashariki, akaingia kati. Aliwapatanisha wafalme wawili kwa njia ya dia. Hakuna mtu mwingine aliyedaiwa roho. Mfalme wa Northumbria alilipwa fedha kwa nduguye, na amani kati ya falme hizo ilidumu muda mrefu. Siku ile fedha ilifanya kazi ambayo upanga haukuiweza.

Lakini ilikuwaje pale ambapo bwana alikuwa upande huu na ndugu upande wa pili? Jibu tulipate Wessex, katika mwaka 786. Mfalme Cynewulf alikwenda mahali paitwapo Merton kumzuru mwanamke, akiwa na watu wachache. Mshindani wake Cyneheard alipata habari, akaizunguka nyumba usiku, akamwua. Wafuasi wachache wa mfalme waliahidiwa mali na uhai, wakakataa wote, wakapigana hata wakaanguka, isipokuwa mateka mmoja Mbritoni aliyejeruhiwa vibaya. Asubuhi wafuasi wengine wa mfalme wakafika, wakakuta lango limefungwa. Cyneheard aliwaahidi mali na ardhi kadiri watakavyo, kisha akawakumbusha ya kuwa ndani yake mlikuwa na jamaa zao. Walijibu ya kuwa hakuna jamaa aliyekuwa mpenzi kwao kuliko bwana wao, na ya kuwa kamwe hawatamfuata aliyemwua. Hata hivyo waliwasihi jamaa zao watoke salama. Nao waliomo ndani, kwa sababu ile ile ya uaminifu, walikataa kumwacha bwana wao. Basi ndugu walipigana na ndugu langoni, mpaka Cyneheard na watu 84 pamoja naye wakauawa.

Ni nani aliyekosa hapo? Kila upande ulishika kiapo chake. Zaidi ya miaka mia moja baada ya Merton kupita, Mfalme Alfred, aliyetawala Wessex tangu 871 hata 899, alikuwa amekwisha kuliamua jambo hilo katika sheria zake: mtu aweza kumpigania bwana wake bila kudaiwa kisasi, na aweza kumpigania ndugu yake aliyeonewa, ila si juu ya bwana wake. Sheria ilichagua bwana. Kwa njia hiyo ufalme ulipata nguvu, na ukoo ukapoteza sehemu ya haki yake ya kale.

Usidhani, msomaji, ya kuwa wanawake walikuwa watazamaji tu. Mke wa bwana ndiye aliyepitisha kikombe ukumbini, na kwa zamu ya kikombe kila mtu alijua cheo chake. Mara nyingi binti wa mfalme aliolewa na adui ili awe daraja ya amani, kama alivyokuwa dada yake Aelfwine. Baadhi yao walimiliki ardhi na kuandika wasia. Aethelflaed, binti wa Alfred, alitawala Mercia tangu 911 hata 918, akajenga ngome, na jeshi lake likatwaa Derby mwaka 917 kutoka kwa Wadenmark. Tena, katika makaburi ya wanawake wa zama za kwanza zimeonekana pete za mifuko zilizotengenezwa kwa pembe. Nazo zilizofukuliwa Scremby, katika jimbo la Lincolnshire, zilipopimwa na wataalamu waliotoa habari zao mwaka 2023, zilijulikana ya kuwa ni pembe za ndovu wa Afrika. Mali ya watu wale ilitembea mbali kuliko wao wenyewe.

Sasa tutoke ukumbini, twende shambani. Upanga ulikuwa kitu adimu, nao ulirithiwa. Mwana wa mfalme aitwaye Aethelstan, katika wasia wake wa mwaka 1014, alimwachia nduguye upanga uliokuwa wa Mfalme Offa, aliyekufa tangu mwaka 796. Askari wengi walikuwa na mkuki na ngao tu. Hata hao walilishwa na wengine. Ardhi ilihesabiwa kwa kipimo kilichodhaniwa kutosha nyumba moja, na katika jimbo la Berkshire, kabla ya mwaka 1066, kila vipimo vitano vilitoa askari mmoja, na kila kipimo kilimpa shilingi 4 za kumweka miezi miwili. Nyuma ya kila mkuki, basi, palikuwa na nyumba tano zenye majembe.

Njia ya kupanda cheo haikufungwa kabisa. Maandishi ya mwanzo wa karne ya 11 yasema ya kuwa mkulima huru aliyefanikiwa hata akapata vipimo vitano vya ardhi yake mwenyewe, na lango, na kiti katika ukumbi wa mfalme, alistahili heshima ya mwungwana. Vivyo hivyo mfanya biashara aliyevuka bahari mara tatu kwa mali yake mwenyewe. Lakini kwa mtumwa njia hiyo ilikuwa ndefu mno. Watu walitiwa utumwani kwa kutekwa vitani, kwa deni, kwa hukumu, na hata kwa kuuzwa na wazazi wakati wa njaa. Karibu na mwaka 1000 mtawa aitwaye Aelfric aliwaandikia wavulana wa shule kitabu cha mazungumzo, ili wajifunze Kilatini. Ndani yake yumo mlimaji aelezaye ya kuwa hutoka alfajiri na kuwasukuma maksai hata baridi iwe kali namna gani, kwa kumhofu bwana wake. Na sababu ya taabu yake ni kwamba yeye si mtu huru. Nchi ilipohesabiwa mwaka 1086, kiasi cha mtu mmoja katika kila kumi walioandikwa alikuwa mtumwa.

Ushujaa wa kale ulionekana tena mwaka 991, huko Maldon katika Essex. Byrhtnoth, mkuu wa jimbo, alikataa kuwalipa maharamia wa kaskazini, akapigana nao kando ya mto, akauawa. Shairi la habari za vita hivyo lasimulia ya kuwa mtu aitwaye Godric alikimbia juu ya farasi wa bwana wake, na wengi wakamfuata wakidhani ni bwana mwenyewe akimbiaye. Waliobaki walikufa karibu na maiti ya bwana wao. Mmoja wao, Dunnere, hakuwa mwungwana; alikuwa mkulima wa kawaida, naye alisimama pale pale waliposimama wakubwa. Mwaka ule ule serikali ya mfalme iliwalipa maharamia ratili 10,000 za fedha, na fedha hiyo haikukosa kutoka mashambani.

Haya, msomaji, ndiyo yaliyokuwa maisha ya watu wale. Usiwadharau, maana Lilla asiyekuwa na ngao na Dunnere asiyekuwa na cheo ni watu wa kuheshimiwa katika nchi yo yote. Wala usiwasifu kupita kiasi, maana ukumbi uliokuwa na nuru ulikuwa na mlango, na nje ya mlango walikuwako watu ambao roho zao hazikuandikiwa dia. Usomapo historia ya taifa lo lote la mashujaa, ya mbali au ya kwenu, yapende masimulizi ya vita, lakini usiyafunge masomo yako hapo. Uliza mkate ulilimwa na nani, na roho ya mlimaji ilihesabiwa kuwa kiasi gani.